Pesa za korona za wakulima: jinsi ya kuzifuatilia ukiwa Mombasa, barua kwa barua

Swali lilianzia chini ya mwembe, Mwakirunge, kwenye kikao cha kikundi chetu cha wakulima. Mama mmoja mfuga kuku aliuliza: "Ile mbolea ya korona, ilikwenda wapi?" Mmoja akasema haikuja kabisa. Mwingine akaapa kwamba jirani yake alipata mifuko miwili. Wa tatu akasema yote iliishia Nairobi. Tukabishana mpaka kahawa ikapoa, na katika watu ishirini na ushei tuliokuwepo hakuna hata mmoja aliyekuwa na karatasi mkononi. Wenye maduka wa zamani wa mji huu walipenda kubandika ukutani ule msemo wa mali bila daftari hupotea bila habari. Pesa ya serikali daftari lake lipo, tena si moja. Kazi ni kulifungua.

Mimi ni katibu wa kikundi hicho, cheo nilichopewa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Hapa nimepanga yale tuliyojifunza kwa hatua, ili asiye mwanasheria wala mwandishi wa habari aweze kuyafuata. Jambo kubwa nitalisema mapema: omba karatasi, usiombe jibu. Barua yetu ya kwanza tuliandika hivi: "Tungependa kujua ni kwa nini wakulima wa Mombasa walisahauliwa wakati wa janga." Ofisi moja, siitaji, ikatujibu kwa kurasa mbili za shukrani, ikitueleza umuhimu wa kilimo katika uchumi wa taifa. Sisi, tunaoamka na jembe! Lakini hatukuwa na haki ya kulalamika sana. Tuliuliza swali la hotuba, tukapewa hotuba. Tulipoandika mara ya pili tukitaka orodha fulani ya mwaka fulani, ilibidi mtu ainuke kitini aende kabatini.

Hatua ya kwanza: jua pesa unayoitafuta ni ipi

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wakati wa korona zilitoka pesa za aina nyingi, na mtaani zote zinaitwa "pesa za korona". Kulikuwa na chakula cha msaada kwa familia, kulikuwa na vibarua vya Kazi Mtaani, kulikuwa na pesa za wazee na wasiojiweza. Hizo zina njia zake. Za mkulima ni zile zilizotajwa tarehe 23 Mei 2020, Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza mpango wa kuinua uchumi wa shilingi bilioni 53.7. Ndani yake kilimo kilitajwa kwa mafungu mawili. La kwanza lilikuwa shilingi bilioni 3 za pembejeo, zitolewe kwa vocha za simu kwa wakulima wadogo 200,000. La pili lilikuwa shilingi bilioni 1.5 za kuwasaidia wakulima wa maua na mboga na matunda ya kuuza nje wafikie masoko ya ng'ambo.

Kabla hujaandika chochote, fanya hesabu ya kidole. Bilioni 3 ukizigawa kwa watu 200,000 ni shilingi 15,000 kwa kila mkulima, kwa wastani. Iandike namba hiyo juu ya daftari lako. Siku utakapoonyeshwa orodha na ukute kuna mkulima mdogo aliyepata laki mbili, utajua papo hapo kwamba pana la kuuliza. Fungu la pili nalo usilipuuze kwa kuwa hulimi maua. Walengwa wake ni wachache na wakubwa kuliko wa vocha, na pesa ikienda kwa wachache orodha yake ni fupi, na orodha fupi ni rahisi kuisoma.

Usichanganye pia na mbolea ya ruzuku ya baadaye. Ile iliyoshusha mfuko wa kilo 50 kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500 ilianza mwaka 2022, baada ya serikali kubadilika, na 2023 ikashuka tena hadi 2,500. Hiyo haikuwa ya korona. Ukiandika barua ukaichanganya, afisa atakujibu kwa raha kabisa kuhusu ile ambayo ana habari zake nzuri.

Halafu mwaka. Mwaka wa fedha wa Kenya unaanza Julai Mosi na kuisha Juni 30. Tangazo la Mei 2020 liliangukia mwishoni mwa mwaka wa 2019/20, kwa hiyo matumizi yenyewe utayakuta zaidi katika vitabu vya 2020/21. Mtu akitafuta "2020" peke yake anafungua kitabu nusu. Taja miaka yote miwili, kila mara.

Hatua ya pili: jua mlango wa kubisha

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeigawa kazi ya kilimo. Sera iko kwa serikali ya kitaifa, na shughuli za ukulima na ufugaji ziko kwa kaunti. Ndiyo maana ukienda ofisi ya kilimo ya kaunti utaambiwa "hizo zilikuwa za Nairobi", na ukiandika Nairobi utaambiwa "majina yalitoka kwa kaunti". Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, kila mmoja nusu yake.

Mwenye mkoba wa bilioni 3 alikuwa upande wa kitaifa, kwa hiyo barua kuu inakwenda Wizara ya Kilimo, kwa Katibu wa idara inayoshughulikia mazao. Nakala au barua ya pili inakwenda kwa afisa mkuu wa kilimo wa Kaunti ya Mombasa, ukimwuliza kuhusu kuandikisha tu: nani aliandikisha, wadi zipi, lini.

Hapa yafaa kuelewa vocha inavyotembea, maana kila inapogusa huacha alama. Mkulima anaandikishwa kwa kitambulisho na namba ya simu, kwa kawaida kupitia afisa wa kilimo, na mara nyingi chifu na mzee wa kijiji wanahusika kumtambua. Jina linaingia kwenye orodha. Ujumbe unatumwa kwenye simu. Mkulima anakwenda duka la pembejeo lililoidhinishwa, anachukua mbegu au mbolea, na duka ndilo linalolipwa. Mkulima hashiki pesa. Kwa hiyo kuna orodha ya walioandikishwa, orodha ya waliotumiwa ujumbe, orodha ya waliochukua bidhaa, na orodha ya maduka yaliyolipwa. Ni nne. Watu huomba ya kwanza wakaridhika, na hali ile ya nne ndiyo yenye pesa. Maduka yaliyoidhinishwa katika kaunti moja ni ya kuhesabika, huwezi kuyaficha kama unavyoweza kuficha majina elfu kumi.

Hatua ya tatu: soma kwanza kilichokwisha kutolewa

Usiandike barua ya kuomba kitu ambacho kiko mtandaoni. Unampa mtu sababu ya kukuchelewesha. Nenda saiba na flashi yako, au tumia simu ya kijana wako kama ina bando, utafute vitabu viwili.

Cha kwanza ni cha Msimamizi wa Bajeti. Ofisi hiyo iko kwa mujibu wa Kifungu cha 228 cha Katiba, na hutoa ripoti kila robo mwaka, ya serikali ya kitaifa na ya kaunti mbali mbali. Humo utaona kilichopangwa na kilichotoka kweli. Mara nyingi kuna pengo, na pengo hilo peke yake ni swali la barua.

Cha pili ni cha Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Katiba, Kifungu cha 229, inampa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, maana yake ripoti za mwaka ulioisha Juni 30, 2021 zilipaswa kuwa tayari mwisho wa Disemba 2021. Kila idara ya wizara ina yake na kila kaunti ina yake. Ni ofisi hii hii iliyokagua manunuzi ya korona ya KEMSA, shirika la serikali la dawa na vifaa vya hospitali, mwaka 2020, kwa hiyo usidhani ni karatasi za kupamba makabati.

Ripoti zimeandikwa kwa Kiingereza na ni ndefu. Usizisome kama riwaya. Fungua sehemu ya kutafuta neno, andika subsidy, kisha voucher, kisha fertilizer, kisha stimulus, na usome aya tu zinazojitokeza. Angalia pia mwanzoni mkaguzi ametoa maoni ya namna gani. Kuna maoni safi. Kuna maoni yenye kasoro, yaani hesabu zinakubalika isipokuwa mambo kadhaa. Kuna maoni mabaya, yaani hesabu hazionyeshi ukweli. Na kuna pale mkaguzi anapokataa kabisa kutoa maoni kwa kuwa hakuletewa stakabadhi. La mwisho ndilo linaloniuma mimi zaidi, kwa sababu hata mkaguzi mwenye nguvu za Katiba alinyimwa karatasi, sembuse katibu wa kikundi.

Ukikuta aya inayohusu ruzuku, nakili ukurasa na namba ya aya. Barua inayosema "kwa mujibu wa aya fulani ya ripoti ya mkaguzi" husomwa kwa adabu tofauti.

Hatua ya nne: andika barua

Haki yenyewe iko katika Kifungu cha 35 cha Katiba, na njia ya kuitumia iko katika Sheria ya Upatikanaji wa Habari, namba 31 ya 2016. Mambo ya kuyajua kabla ya kushika kalamu ni machache. Sheria inamhusu raia wa Kenya. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, kwa hiyo usitishwe na karani anayetaka Kiingereza. Sababu yako ya kutaka habari haiwezi kutumiwa kukunyima. Kuwasilisha ombi ni bure, unachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kutoa nakala. Na asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, afisa anapaswa kumsaidia, aliweke ombi lake kwenye maandishi na ampe nakala. Hilo la mwisho waambie wazee. Kuna babu mmoja kikundini kwetu anayeijua historia ya kila shamba kuanzia enzi za mkoloni, lakini alikuwa akikaa kimya vikaoni kwa kuogopa kalamu.

Barua yetu iliyofanya kazi, nikiiondoa majina, ilikuwa hivi:

Kwa: Afisa wa Upatikanaji wa Habari, kupitia kwa Katibu wa idara inayoshughulikia mazao, Wizara ya Kilimo, Nairobi.

YAH: Ombi la habari chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria namba 31 ya 2016.

Mimi ni raia wa Kenya na mkulima katika Wadi ya Mwakirunge, Kaunti Ndogo ya Kisauni, Mombasa. Naomba nakala za hati zifuatazo kuhusu shilingi bilioni 3 za pembejeo kwa njia ya vocha, zilizotangazwa tarehe 23 Mei 2020, kwa miaka ya fedha 2019/20 na 2020/21:

(a) orodha ya kaunti zilizopangiwa vocha, idadi ya wakulima na kiasi cha pesa kwa kila kaunti;
(b) kwa Kaunti ya Mombasa, idadi ya walioandikishwa, waliotumiwa vocha na waliochukua bidhaa, kwa kila wadi;
(c) orodha ya maduka ya pembejeo yaliyoidhinishwa Mombasa na jumla iliyolipwa kila duka;
(d) waraka au mwongozo uliotaja vigezo vya kuchagua wakulima;
(e) iwapo Mombasa haikupangiwa vocha, waraka au kumbukumbu za kikao kilichoamua kaunti za kuingizwa.

Napendelea kupokea nakala kwa baruapepe. Iwapo sehemu ya hati ina habari binafsi za mtu, naomba sehemu hiyo ifunikwe na iliyobaki itolewe. Iwapo habari hizi ziko katika ofisi nyingine, naomba ombi hili lihamishiwe huko nami nijulishwe.

Chini weka jina, namba ya simu, anwani, tarehe na sahihi.

Kipengele (e) ndicho kiungo cha mchuzi. Bila hicho, ukiambiwa "Mombasa haikuwemo" safari imeisha. Nacho kikiwepo, jibu la "haikuwemo" linalazimika kuja na karatasi ya nani alisema isiwemo. Watu wengi, hata ndani ya ofisi, wanaichukulia Mombasa kuwa bandari, hoteli na feri ya Likoni. Wanasahau kuna minazi na mihogo Mtongwe, mboga Mwakirunge, ng'ombe wa maziwa na kuku huku na huko Jomvu na Bamburi. Wakulima hao ndio waliokuwa wakilisha hoteli, na hoteli zilipofungwa, kisha tarehe 8 Aprili 2020 watu wakazuiwa kuingia na kutoka Mombasa, mayai yalirudi nyumbani na mchicha ukawa wa mbuzi.

Ona pia kwamba barua haina neno "wizi", haina "tumechoka", haina jina la mwanasiasa. Hasira iache chini ya mwembe. Barua yenye matusi humpa afisa kitu cha kujibu badala ya kile ulichoomba.

Kuipeleka sasa. Chapisha nakala mbili. Kama unaipeleka mkononi, kwa mfano ile ya kaunti, usiondoke mapokezi mpaka nakala yako ipigwe muhuri wenye tarehe. Karani atakwambia "wacha tu, nitampa". Mjibu kwa upole: "Sawa dada, lakini nami nina wakubwa zangu kikundini, watanidai muhuri." Husaidia. Ile ya Nairobi itume kwa baruapepe na kwa posta ya rejista, uhifadhi risiti. Ofisi ikiwa na fomu yake, ijaze, lakini barua yako iambatanishe hivyo hivyo.

Hatua ya tano: hesabu siku

Siku ya muhuri ndiyo siku ya kuanzia. Ofisi ina siku 21. Inaweza kujiongezea muda mara moja tu, usiozidi siku 14, kama habari ni nyingi au inabidi kushauriana na wengine, na lazima ikujulishe. Kama ombi lako limegonga mlango usio wake, linapaswa kuhamishwa ndani ya siku 5. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu muda ni saa 48, lakini mbolea ya 2020 haifiki huko, usiitumie hiyo kwa ujanja.

Siku ya 15 hivi piga simu moja ya kuulizia, kwa heshima, uandike umezungumza na ofisi gani na saa ngapi. Siku 21 zikipita kimya, sheria inahesabu kwamba umekataliwa. Kimya ni jibu, na jibu hilo lina rufaa.

Hatua ya sita: ukinyimwa

Sababu utakayopewa mara nyingi ni faragha: "Hatuwezi kutoa majina ya watu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019." Usiidharau hoja hii. Ina uzito. Nami sipendi namba ya simu ya mama yangu izunguke kwenye makundi ya WhatsApp kwa sababu tu alipewa mfuko wa mbegu. Lakini ona, katika barua ile ya juu hatukuomba jina la mkulima hata mmoja. Tuliomba idadi kwa wadi na malipo kwa maduka. Duka linalofanya biashara na serikali halina haya ya kuona malipo yake yakitajwa.

Nchi nyingine zimekwisha kuparurana juu ya jambo hili. Marekani, wakati wa korona, wizara yao ya kilimo ilitangaza Aprili 2020 msaada wa dola bilioni 19, bilioni 16 kati yake zikiwa malipo ya moja kwa moja kwa wakulima na wafugaji. Kando ya hapo kulikuwa na mikopo ya kulinda ajira, ambayo mashamba nayo yaliruhusiwa kuomba. Serikali kwanza ilichapisha majina ya waliopata dola 150,000 na zaidi tu, ikisema walio chini ya hapo ni siri. Vyombo vya habari vikaenda mahakamani, na Disemba 2020 orodha nzima ikatolewa. Ulaya walikwenda kinyume. Mwaka 2010 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilikubaliana na wakulima wa Ujerumani kwamba kuanika jina la kila mtu binafsi aliyepata ruzuku, bila kutofautisha, ni kupita kiasi. Baadaye wakatafuta njia ya kati: majina yachapishwe, lakini mkulima mdogo sana, kama wa chini ya euro 1,250 kwa mwaka, afichwe jina na kiasi kibaki.

Mimi nakubaliana na hiyo njia ya kati, na ndiyo ninayokushauri uandike ukikataliwa: wadogo wahesabiwe bila majina, wakubwa na maduka watajwe. Na usisahau kwamba sheria yetu yenyewe ya Upatikanaji wa Habari, Kifungu cha 6, inasema habari iliyozuiliwa inaweza kutolewa pale maslahi ya umma yanapozidi madhara, na kati ya maslahi hayo inataja kuhakikisha matumizi ya pesa za umma yanasimamiwa ipasavyo. Hiyo ni sentensi ya kunakiliwa neno kwa neno.

Rufaa yako inakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo kila mtu anaiita Ombudsman, ndani ya siku 30 tangu ujulishwe uamuzi. Ni barua ya ukurasa mmoja: niliomba hiki, tarehe hii, nikajibiwa hivi au sikujibiwa, naomba mpitie upya. Ambatanisha nakala ya barua yenye muhuri. Sasa umeona kwa nini nilikung'ang'aniza muhuri? Bila huo, ofisi itasema haijawahi kukusikia. Tume ina uwezo wa kuagiza habari itolewe, na asiyeridhika anakwenda Mahakama Kuu. Sisi hatujafika mahakamani na sina hamu.

Hatua ya saba: orodha ikifika

Siku bahasha inapofika kuna furaha, kisha kunakuja uvivu. Watu wanapiga picha orodha, wanaituma kwenye kundi, wanacheka, basi. Orodha ambayo haijatembezwa shambani ni karatasi ya kufungia maandazi.

Anza na jumla. Je, idadi ya kila wadi ukiijumlisha inafika idadi ya kaunti iliyoandikwa juu? Utashangaa. Kisha gawanya pesa kwa watu, ulinganishe na ile 15,000 uliyoiandika mwanzo. Kisha angalia umbo la wadi. Mombasa ina wadi 30, na nyingi ni za mjini kabisa. Ukikuta wadi ya kisiwani isiyo na hata bustani ina wakulima wengi kuliko Mwakirunge au Shika Adabu, weka alama nyekundu. (Ndiyo, Shika Adabu ni wadi kweli, iko Likoni, na jina lake lingefaa kuandikwa juu ya mlango wa ofisi fulani.)

Halafu maduka. Yatembelee. Je, duka lipo? Lilikuwepo 2020? Linauza mbegu, au ni duka la simu lililobandika neno agroveti juu ya mlango? Duka likiwa la kampuni, unaweza kulipia nakala ya CR12, hati ya msajili wa makampuni, kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, uone wakurugenzi ni nani. Muuza duka mzungumzishe kama mteja na jirani. Wengi ni watu wema na wanakumbuka, na wengine nao wanadai malipo yao mpaka leo, jambo ambalo nalo ni habari.

Mwisho wakulima. Hapa ndipo kikundi kinafaa kuliko mtu mmoja. Chagua vijiji viwili vitatu, muwe wawili wawili, mmoja mwanamke, muulize maswali matatu tu: uliandikishwa, ulipata ujumbe, ulichukua nini. Andika jibu hapo hapo. Watu husahau, na wengine huogopa kwamba wakisema walipata watanyimwa mara ijayo. Waambie wazi kwamba majina yao hayatatoka nje ya daftari, kisha litunzeni neno hilo. Namba za vitambulisho na simu zisipigwe picha, zisitumwe popote.

Mkikuta kasoro, msikimbilie kusema "fulani amekula". Kusema kwamba wadi ilionyeshwa kuwa na wakulima 300 na katika 40 mliowauliza hakuna aliyepata ujumbe, hilo mnaweza kulitetea popote. Jina la mtu na neno mwizi vikikaa sentensi moja, ni nyinyi mtakaotafuta wakili.

Hatua ya nane: mpeleke wapi

Mlango wa karibu ni mwakilishi wadi wenu. Mpeni muhtasari wa ukurasa mmoja, nakala za barua, na swali moja la kuuliza bungeni kwenu. Asipotaka, raia ana haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti, na kwa pesa za kitaifa, kwa Bunge lenyewe kule Nairobi kupitia Kifungu cha 119 cha Katiba. Ombi kama hilo linahitaji subira, lakini likiingia kwenye kumbukumbu za bunge linakuwa na maisha marefu kuliko hotuba.

Ofisi ya Mkaguzi Mkuu nayo hupokea taarifa za raia, na wakati mzuri wa kuipelekea ni kati ya Julai na Septemba, kabla wakaguzi hawajazama katika vitabu vya mwaka ulioisha. Mkiona dalili za jinai, kama sahihi zilizoghushiwa au duka lisilokuwepo lililolipwa, hapo ni tume ya kupambana na ufisadi, EACC, ambayo ina ofisi hapa Mombasa, na unaweza kutoa taarifa bila kutaja jina lako. Msipeleke jambo moja kila mahali siku moja. Kila ofisi itangoja mwenzake.

Na jalada la kikundi liwe na nakala mbili, nyumba mbili tofauti. Letu moja liko kwangu, lingine kwa mweka hazina, kwenye sanduku la bati juu ya kabati. Kwa mwenyekiti hatukuliweka. Anawania udiwani.